Pakiti Kumi za Chumvi

Mwezi wa kumi, Mpanda haina mbingu. Wakulima wanachoma mashamba kujiandaa na mvua, misitu nayo inashika moto kivyake, na moshi unakaa juu ya mji wiki baada ya wiki bila haraka ya kwenda popote. Jua linachomoza jekundu na unaweza kulitazama kwa macho matupu usiumie. Mwezi wa kumi ulionikuta Ilembo, mtaa mmoja wa mji huo, nilidhani ni ukungu. Nikamwambia mama jirani, "Leo kuna ukungu mzuri." Akanitazama kwa huruma, kisha akaniomba chumvi.

Alikuwa akiniomba chumvi tangu wiki yangu ya kwanza. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kupiga mswaki, nasikia nyuma ya mlango: "Hodi hapa!" Sauti nene, ya mtu aliyeamka zamani. Namfungulia. Amesimama na kibakuli chake cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu uliobanduka, kitenge kimefungwa juu ya kitenge, miguu ina vumbi jekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Nisaidie chumvi kidogo."

Nampa. Anapokea kwa mikono miwili, anakunja magoti kidogo, anachungulia nyuma yangu ndani ya nyumba kama mtu aliyesahau kitu humo, kisha anaondoka. Siku nyingine anataka kiberiti. Siku nyingine kaa la moto, ingawa anajua fika kwamba mimi napikia gesi. Lakini zaidi ni chumvi.

Alikuwa mjane wa Kikonongo, analima mihogo na karanga nyuma ya nyumba, na watoto wake walikuwa wametawanyika, mmoja machimboni, wengine Tabora. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu. Bati lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba saa sita mchana jua lilipita na kuchora madoadoa sakafuni, na niliwahi kumwona akisogeza unga wake kutoka doa hadi doa ukauke. Aliishi peke yake, kama mimi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikwenda Mpanda kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwenye mradi wa maji ambao hauna haja ya kutajwa, na kwenye kibali changu cha kazi niliandikwa mtaalamu kutoka nje. Kila nilipokisoma nilicheka. Mtaalamu kutoka nje ni mzungu mwenye kofia, siyo mimi ninayeongea Kiswahili kilekile cha wenyeji, na kuwasahihisha juu yake. Lakini mtaani waliniita dada Mkenya, wakaniuza nyanya kwa bei ya dada Mkenya, na jioni nilifunga mlango wangu kwa makomeo mawili na kukaa ndani nikisikiliza mashine ya kusaga ikinguruma mbali, nisijue kama niko macho au naota. Nje nilikuwa kweli.

Nina hasira za karibu, nami sioni sababu ya kuficha. Ile chumvi ilianza kunikera. Nilijiuliza huyu mama anaila au anaoga nayo. Na chini ya kero palikuwa na aibu, maana chumvi ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote dukani, na Uvinza inakopikwa iko njia ya Kigoma tu. Nilifikiri, mtu anayekosa hata chumvi, mengine atakuwa anakosa mangapi? Hilo swali nililijibu mwenyewe kichwani. Sikuwahi kumuuliza yeye.

Siku ninayotaka kuisimulia iliharibika kwa sababu ya kiti.

Tulikuwa Shanwe, mimi na mjumbe wa mtaa, mama mrefu mwenye mwavuli wa kujikinga na jua ambalo hata halikuonekana. Kazi yangu ilikuwa kuingia nyumba kwa nyumba na kishikwambi, kuuliza maswali na kugusa Ndiyo au Hapana, na mwisho wa siku kishikwambi chenyewe kinaamua nani maskini na kwa kiasi gani. Je, paa ni la nini? Jana mlikula mara ngapi? Je, kaya ina kiti? Katika mwezi uliopita, umelazimika kuomba chakula, chumvi au moto kwa jirani?

Hilo la mwisho walilijibu haraka kuliko yote, tena kwa furaha. "Ndiyo! Kila siku." Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza, "Kwani wewe huombi?"

"Mimi ninayo," nikamjibu.

"Pole," akasema. Nilidhani hakunisikia vizuri.

Nyumba ya kwanza walinikaribisha kiti, cha mbao, mguu mmoja umefungwa mpira mweusi wa baiskeli. Nikakaa, nikauliza, nikagusa Ndiyo kwenye kiti. Nyumba ya pili wakanikaribisha kiti cha mbao, mguu mmoja umefungwa mpira wa baiskeli. Nikafikiri fundi wa mtaa huu ana mtindo mmoja tu. Joto lilikuwa kali, moshi umeingia hadi vyumbani, na sauti za watu zilinifikia zikiwa zimechelewa kidogo. Nyumba ya tatu nilivua mtandio wangu wa njano, nikautundika nyuma ya kiti, na nilipomaliza nikausahau.

Nilipoingia nyumba ya nne, mtandio wangu ulikuwa umeshafika. Ulining'inia pale, nyuma ya kiti, ukinisubiri.

Nilisimama mlangoni nikiuangalia kama mtu aliyejikuta ameshafika mahali kabla hajafika. Kwa muda niliamini kwamba nimelala, kwamba bado niko kitandani Ilembo na mama jirani hajapiga hodi. Kisha kupitia mlango wa uani nikamwona mwanamke wa nyumba ya tatu akirudi kwake mbio kati ya mihogo, kitenge amekishika mkononi asijikwae. Nikaelewa. Kiti kilikuwa kimoja. Sisi tulipokuwa tukizunguka kwa njia ya mbele, tukisalimiana na kila mtu, wao walikuwa wakikipitisha uani ili kinitangulie.

"Mgeni hawezi kusimama," mjumbe akaninong'oneza. "Kaa."

Nikakaa. Ningefanya nini? Kusimama kungekuwa tusi. Lakini vidole vyangu vilirudi nyuma kwenye kishikwambi, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafuta Ndiyo na kuweka Hapana.

"Mbona unafuta?" mjumbe akauliza.

"Kiti ni kimoja, mama."

"Ndiyo. Chetu."

"Swali linasema kaya."

Alilifikiria kidogo lile neno, kaya, akakunja mwavuli wake na kutangulia njiani.

Nililia nyuma ya jengo la mashine ya kusaga, pale ambapo hakuna atakayesikia, na unga ulikuwa ukitoka kwa upenyo wa ukuta na kunitua mikononi. Nililia kwa kiti kile. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekikalia mara tatu bila kukiona, na kwa sababu nilifika nchi ya watu kuwaonea huruma na wao wakakimbia uani ili nisisimame. Nilikuwa nimechoka na kujiona mtu mbaya, na mtu wa hasira akijiona mbaya hutafuta haraka kitu kizuri cha kufanya. Nikaingia dukani nikanunua chumvi, pakiti kumi.

Nilimkuta mama jirani uani kwake akimenya karanga. Nikamwekea mzigo mbele ya miguu.

"Mama, chukua hii. Usihangaike tena kuja kuomba kila asubuhi."

Aliziangalia zile pakiti, kisha akaniangalia mimi.

"Zote?"

"Zote."

"Nisije tena?"

"Usihangaike, mama."

"Haya," akasema. "Asante." Akapokea kwa mikono miwili, akakunja magoti kama siku zote. Nikarudi kwangu nikijiambia kutoa ni moyo, si utajiri, na kwa mara ya kwanza siku ile nikajisikia vizuri.

Kesho yake hodi haikuja. Nikanywa chai yangu kwa amani, nikamaliza kikombe chote kikiwa cha moto. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, mswaki mdomoni, nikisubiri. Nyumba ilikuwa kimya namna ambayo sikuwa nimeisikia kabla, maana kabla yake kulikuwa na mtu wa kuivunja kila siku. Nilipomwona juu ya ua wa minyaa nikamwamkia kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

Marahaba tupu. Lile "mwanangu" lilikuwa limeondoka, na sikujua limeondoka lini wala kwenda wapi. Iliniuma. Sikutegemea kwamba neno moja la mwanamke ambaye si ndugu yangu lingeniuma vile, lakini iliniuma.

Siku ya nne asubuhi nilimwona akipita na kibakuli chake cha bati kwenda nyumba ya tatu kutoka kwangu. Akapiga hodi, wakamfungulia, akarudi amekishika kwa mikono miwili. Niliwaka. Pakiti kumi za chumvi ndani ya nyumba, na bado anakwenda kuomba! Nikajisemea wanadamu hawana shukrani, nikafunga dirisha kwa kishindo ili asikie. Hakugeuka.

Ijumaa ile umeme ulikatika, simu yangu ikazimika, na homa ikanishika.

Jumamosi yote siikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka moshi uliokuwa ndani ya chumba, au ndani ya macho yangu. Nakumbuka kiti chenye mpira wa baiskeli kikitembea mbele yangu njia yote ya kwenda Shanwe, mtandio wangu umekaa juu yake kama bibi harusi, nami nakifuata nikikiita kinisubiri. Nakumbuka mama yangu akiniuliza kwa lafudhi ya Mombasa, umeamka? Nikijibu nimeamka, nimeamka, na kila nikijibu nazama tena. Kila mara sauti ya hodi ilinitoa usingizini, nikasikiliza, na hapakuwa na mtu.

Jumapili asubuhi nilipata akili kidogo, na kitu cha kwanza nilichofikiri kilikuwa hiki: nikifa leo, watajua kesho, wakiona sikufika kazini. Labda keshokutwa, maana wengine wataona nimechelewa tu. Niliyafikiria hayo bila hofu, kwa utulivu kabisa, na utulivu huo ndio ulionitisha.

Niliamka. Nilichukua bakuli la plastiki mezani, mpaka leo sijui kwa nini, nikatoka. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua ishirini labda, lakini siku ile ardhi ilikuwa ikiinuka na kushuka na ule ua wa minyaa ulinikimbia. Nikafika. Nikashika ukuta wake.

"Hodi hapa," nikasema.

"Karibu."

Akatoka, mikono ina unga. Nilikuwa nimepanga kusema naumwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani yote.

"Nisaidie chumvi kidogo," nikasema.

Aliliangalia lile bakuli, akaniangalia usoni, kisha akaweka mgongo wa mkono wake shingoni mwangu, ukaacha unga.

"Homa hii ya tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na mlango umeufunga."

"Nimeufunga."

Akafyonza, akanishika kiuno, akanilaza kwenye mkeka kando ya jiko, chini ya lile bati lenye madoadoa ya jua. Akabandika uji. Nikiwa nimelala vile niliona rafu yake yote: pakiti zangu kumi zimepangwa, hakuna hata moja iliyofunguliwa, na pembeni yake kopo kubwa la maziwa ya unga, halina kifuniko, limejaa hadi juu chumvi ya mawe ya Uvinza, ya kijivu. Ilikuwa na ukoko wa miaka.

"Mama," nikasema, "chumvi unayo."

"Ninayo."

"Hata zamani?"

"Siku zote ninayo. Nani anakosa chumvi?"

"Sasa ulikuwa ukija kuniomba ya nini?"

Aliendelea kukoroga. Alisema taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto, bila kuniangalia. "Mtu mgeni anakaa mwenyewe, mlango umefungwa. Mimi nitajuaje ameamka? Nije niseme nimekuja kuangalia kama umekufa? Utajisikiaje? Naomba chumvi, unatoka, nakuona. Naangalia na jiko, umepika au hujapika. Wewe ulikuwa hupiki."

Nikageuza uso ukutani.

"Na mimi nakaa mwenyewe," akaongeza. "Nisipokuja kuomba, utajua sijaamka. Si ndiyo? Kwetu ndiyo hivyo, na mama yangu alikuwa hivyo. Sasa uliposema nisije tena, nikasema haya, mtoto hataki. Nikahamia kwa yule wa kule, angalau mtu mmoja ajue."

Nililia tena, na safari hii hapakuwa na mashine ya kusaga ya kunificha. Nikamwambia, "Nilidhani huna."

"Vingi sina," akasema, wala hakukasirika. "Bati sina. Mvua ikija nalala nimekaa, na godoro nimelikunja. Nyie mnazunguka na hiyo kompyuta yenu mnauliza watu wote wa Mpanda. Mimi hapa jirani hujaniuliza hata siku moja. Umeniletea chumvi." Akanusa uji, akachota kidole cha chumvi kutoka kwenye kopo lake, siyo kwenye pakiti zangu, akatia. "Kunywa, mwanangu."

Nilikunywa. Sijui kama ni ule uji au ni lile neno, lakini baada yake nililala usingizi usio na ndoto. Nilipoamka bodaboda ilikuwa inasubiri nje kunipeleka zahanati, na yeye ameshavaa viatu.

Zile fomu za Shanwe sikuzigusa tena. Acha kiti kihesabiwe hakipo, labda maji yatawafikia upesi. Ila swali lile la kuomba kwa jirani sikuweza tena kulisoma kwa sauti ya zamani, na nyumba nyingi mjumbe alilisoma kwa niaba yangu.

Bati nililomnunulia lilifika wiki mbili baadaye, na mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Fundi alitoka Majengo. Ngazi tuliazima nyumba ya tatu, nyundo ya pili nyumba ya nne, na mimi nilipewa kazi ya kushika misumari na kukaa kimya. Mama jirani alisimama chini akielekeza, akigombana na fundi kuhusu kila tundu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa langu mwezi wa kumi na moja.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha alfajiri. Niliamka moshi umeondoka wote, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikaona mbingu. Uani mbawa za kumbikumbi zilikuwa zimetapakaa juu ya maji, maelfu, na hapakuwa na sauti popote isipokuwa matone. Nikabandika chai. Nikapiga mswaki. Nikasubiri hodi.

Haikuja. Nikasubiri mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua bakuli la plastiki, nikavuka ua nikikanyaga mbawa.

"Hodi hapa!"

Kimya.

"Hodi hapa, mama!"

Kitu kikaanguka ndani. Mlango ukafunguka kidogo, na uso wake ukatokea, umekunjamana upande mmoja kwa alama za mkeka, macho bado yamejaa usingizi. Aliitazama mbingu, akalitazama bati lake jipya, akanitazama mimi.

"Halivuji," akasema kwa mshangao. "Nimelala mpaka saa hizi, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Nisaidie chumvi kidogo."

Akacheka mpaka akashika mlango. Niliishi Ilembo miezi mingine sita, na tangu asubuhi ile ilikuwa ndiyo desturi yetu: anayeamka kwanza ndiye anayeishiwa chumvi.